Njia ya Baiskeli Isiyo na Magari Vilimani Ufaransa: Uliza Kwanza Ilikuwa Nini

Kila Julai, mbio za baiskeli za Tour de France zikiwa hewani, tunaona picha zilezile: wanaume waliokonda wanapanda mlima kwa kuhema, lami imechorwa majina, magari ya timu yako nyuma yao. Tangu Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ashinde mbio hizo mara nne kati ya 2013 na 2017, milima ya Ufaransa inajadiliwa kwetu hata na watu wasiomiliki baiskeli. Halafu mtu huyohuyo anakutana mtandaoni na picha ya bibi mwenye mvi, baiskeli imejaa mizigo, anakwenda taratibu katikati ya vilima vya Ardèche, kusini-mashariki mwa Ufaransa, na hakuna gari hata moja. Je, ni nchi ileile?

Ni ileile. Ubishi unazuka kwa sababu watu wanatumia jina moja, "njia ya baiskeli", kwa vitu vinne tofauti. Anayesema Ufaransa unaweza kusafiri siku nyingi bila kukutana na gari ana haki. Anayesema alifuata mabango ya baiskeli akajikuta anapitwa na malori naye hadanganyi.

Tuanze na voie verte. Hii ndiyo njia isiyo na magari kwa maana ya kisheria. Iliingia katika sheria za barabarani za Ufaransa mwaka 2004: ni njia iliyotengwa kwa vyombo visivyo na injini, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Bango lake ni la mraba, la buluu, lenye picha ya mtembea kwa miguu na baiskeli, pengine na farasi. Ukiliona limekatwa na mstari mwekundu, njia imeishia hapo. Baiskeli ya umeme inaruhusiwa ikiwa mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ikifika km 25 kwa saa. Ile inayofika km 45 kwa saa inahesabiwa kuwa pikipiki ndogo, kwa hiyo haina nafasi hapo.

Véloroute si aina ya barabara. Ni safari iliyopangwa, ikapewa jina au namba na kuwekewa mabango meupe yenye maandishi ya kijani. Ndani yake mna vipande vya voie verte, njia za kando ya mifereji, na barabara ndogo za vijijini ambazo magari hupita, ingawa kwa nadra. ViaRhôna, inayoanzia Ziwa Geneva hadi Bahari ya Mediterania kwa takriban km 815, ni véloroute. Sehemu zake nyingi hazina magari, lakini si zote, na wanaoitangaza hawana sababu ya kulisema hilo kwa herufi kubwa.

Piste cyclable ni njia ya baiskeli peke yake, mara nyingi kando ya barabara kuu. Bande cyclable ni mstari wa rangi uliochorwa kwenye lami ileile ya magari. Lori likikukaribia, rangi haikukingi kitu. Kuna na la tano linalowachanganya wageni: alama za mistari ya nyeupe na nyekundu kwenye miti na mawe. Hizo ni za njia ndefu za watembeaji, zinazoitwa GR. Usizifuate na baiskeli yenye mizigo, zitakufikisha kwenye ngazi za mawe.

Kwenye ramani za Kifaransa tafuta maneno mawili. "Site propre" ni kipande kilichotengwa na magari. "Partagé" ni kipande unachochangia na magari. Ukiona "provisoire", ujue njia yenyewe haijajengwa na wamekupitisha barabarani kwa muda, na muda huo huweza kuwa miaka. Chama cha AF3V, kinachopigania njia hizi, kina ramani ya nchi nzima mtandaoni. Anzia hapo kabla ya kuamini kipeperushi chochote cha utalii.

Kwa nini njia inakuwa tambarare na nchi ni vilima

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Karibu kila njia isiyo na magari katika vilima vya Ufaransa ilikuwa kitu kingine zamani, na mara nyingi ilikuwa reli.

Treni ya mvuke haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki vizuri. Mwinuko ukizidi, gurudumu linazunguka bure na mzigo unabaki palepale. Wahandisi wa karne ya 19 walijitahidi wasivuke asilimia 1 au 2, na 3 ilikuwa ya kulazimika. Asilimia 2 maana yake ni kupanda mita 2 kwa kila mita 100 unazokwenda. Kilima kikiwa kidogo walikikata, bonde wakalijaza tuta au kulirukia kwa daraja refu la matao. Mlima mkubwa ulitobolewa handaki, na pale ambapo haikuwezekana waliizungusha reli ubavuni mwa bonde hadi ipate urefu wa kutosha kupanda polepole.

Reli hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mwaka 1879 waziri wa ujenzi Charles de Freycinet alipitisha mpango wa kufikisha reli hadi miji midogo kabisa ya mikoani, biashara iwepo isiwepo. Zikajengwa njia ambazo hazikuwahi kupata abiria wa kutosha, na basi na lori vilipokuja zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Vyuma viling'olewa, lakini tuta, mahandaki na madaraja yalibaki, na kokoto za chini zikawa msingi tayari. Mwaka 1997, katika eneo la Burgundy, kipande cha kati ya Givry na Cluny, km 44, kikafunguliwa kuwa voie verte ya kwanza ya nchi. Mikoa mingine ikaiga.

Ardèche ina mfano ambao msomaji wa Afrika Mashariki atauelewa haraka. Reli ya bonde la Eyrieux ilikuwa na upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, sawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi au ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Upana huo mdogo uliruhusu kona kali zaidi na ujenzi wa bei nafuu katika nchi ya mawe. Mtandao huo ulifungwa mwaka 1968. Leo ni Dolce Via, takriban km 90, inayoanzia La Voulte kando ya mto Rhône, inapanda hadi Le Cheylard, kisha inagawanyika: tawi moja linakwenda Lamastre, jingine linapanda hadi Saint-Agrève, mji ulio juu ya mita 1,000.

Aina ya pili ni njia za kando ya mifereji, ambako farasi walikuwa wakivuta mashua. Hizo ni tambarare kuliko reli, kwa kuwa maji hayapandi. Kila penye lango la maji, linaloinua au kushusha mashua, unapata kipandio kifupi cha mita chache, basi. Lakini mfereji nao una ujanja wake: ukifika kwenye mlima, mashua huingia handakini na njia ya baiskeli haiingii. Mfereji wa Burgundy, karibu na Pouilly-en-Auxois, unapita chini ya ardhi kwa zaidi ya km 3. Wewe unapita juu.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, uliza kipande hicho kilikuwa nini. Kama kilikuwa reli, tegemea asilimia 1 hadi 3. Kama kilikuwa mfereji, tegemea karibu sifuri. Kama ni barabara ya msitu au njia ya shamba iliyobandikwa bango tu, hakuna mhandisi aliyekuonea huruma, na mwinuko wa asilimia 10 au zaidi unawezekana kabisa hata kama magari hayapo. Kutokuwepo kwa magari na kutokuwepo kwa milima ni mambo mawili, nayo huenda pamoja kwenye reli na mfereji tu.

Asilimia mbili ni kiasi gani miguuni

Chukua mwendeshaji, baiskeli na mizigo, jumla kilo 100. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa, mwinuko wa asilimia 2, kwa mwendo wa km 12 kwa saa, miguu inatoa takriban wati 100. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kuzitoa kwa saa kadhaa bila kuona dunia chungu. Mwinuko ukiwa asilimia 8, kwa mwendo uleule, zinahitajika kama wati 300, na huo ni uwezo wa mwanamichezo. Huna budi kushuka hadi km 6 kwa saa, ambapo unahitaji karibu wati 145.

Kwenda km 6 kwa saa huku unapiga pedali vizuri kunategemea gia, si nguvu za mapaja. Gia ya mbele ya meno 26 na ya nyuma ya meno 34, kwa gurudumu la kawaida la milimita 700, inakusogeza kama mita 1.66 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, unapata km 6 kwa saa kamili. Baiskeli ya mbio yenye meno 34 mbele na 28 nyuma inakulazimisha kwenda km 9.5 kwa saa kwa mzunguko huohuo. Kwenye reli ya zamani haina neno, lakini ukitoka nje ya reli utasukuma baiskeli kwa mkono.

Na kutoka utatoka. Hili wengi hawalifikirii. Vijiji vya kale vya Ufaransa ya vilima vilijengwa juu, kwa ulinzi, na stesheni ilijengwa pale treni ilipoweza kufika, yaani bondeni. Njia yako ya tambarare inapita chini ya kijiji, na kule juu ndiko kuliko mkate, duka la dawa na kambi ya mahema. Kijiji kikiwa mita 120 juu ya njia, kwa mwinuko wa asilimia 8, ni km 1.5 na robo saa ya kupanda, jioni, wakati miguu imeshachoka. Ramani ikiandika jina la kijiji halafu neno "Gare", yaani stesheni, mahali pengine, pima umbali wa majina hayo mawili kabla hujalipia kitanda.

Kuna na dhana kwamba asilimia 2 haisikiki. Dakika kumi za kwanza, kweli. Lakini kutoka Le Cheylard kwenda Saint-Agrève unapanda zaidi ya mita 500 karibu bila kipande cha kupumzisha miguu, kwa sababu treni nayo haikuhitaji kupumzika. Barabara ya kawaida hupanda na kushuka, nawe unapata nafuu kila baada ya muda. Reli inadai kidogo, lakini haiachi kudai. Makosa ya kawaida ni kuanza na gia nzito kwa kuwa njia inaonekana sawa, na magoti yanaanza kulalamika baada ya saa moja. Anza nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji.

Upepo nao haujui habari za mhandisi. Katika bonde la Rhône, mistral huvuma kutoka kaskazini, na ukiwa mkali tambarare inakuwa ngumu kuliko mlima. Ndiyo maana wenye uzoefu huifuata ViaRhôna kutoka kaskazini kwenda kusini.

Lami, mchanga na vizuizi

Voie verte si lazima iwe ya lami. Ile ya Hautes-Vosges, kutoka Remiremont kuelekea Bussang na Cornimont, ina lami. Roger Lapébie, iliyopewa jina la mshindi wa Tour ya mwaka 1937, inaanzia karibu na Bordeaux na kupita vilima vya mizabibu hadi Sauveterre-de-Guyenne, nayo ni ya lami, ingawa mizizi ya miti imeiinua sehemu nyingine hadi mizigo inaruka. Dolce Via na Passa Païs, karibu km 80 kati ya Bédarieux na Mazamet, ni za changarawe iliyoshindiliwa, ambayo Wafaransa huiita stabilisé.

Ikiwa kavu ni tamu, ila ina vumbi. Mvua ikinyesha inageuka uji mwembamba wa mchanga unaong'ang'ania cheni na kula vipande vya breki. Kama breki zako ni za kubana rimu, beba jozi ya akiba, na jioni mwagia maji cheni na rimu kabla mchanga haujakauka, kausha, kisha tia mafuta kiungo kwa kiungo na ufute yaliyozidi. Mafuta yakibaki nje yanakusanya vumbi kesho yake.

Tairi la milimita 28 hadi 32 linatosha kwa lami. Kwa changarawe chukua milimita 38 hadi 42, na kwa jumla ya kilo 100 usijaze upepo kupita kiasi: kama bari 3 nyuma na 2.5 mbele. Ukijaza hadi liwe gumu kama jiwe, kila kokoto inahamia kwenye karia, na skrubu za karia zinalegea. Hilo hutokea mara nyingi. Zishike kwa mkono kila asubuhi. Skrubu moja ikidondoka, uzito wote unaangukia upande mmoja, na karia inaweza kuvunjika au kuingia kwenye spoki. Gurudumu la nyuma liwe na spoki 32 au 36 ukibeba mizigo. Kagua pia valvu yako: ile nyembamba haikubali pampu ya kituo cha mafuta bila kiunganishi chake kidogo cha shaba, ambacho ni rahisi na hupotea daima.

Kila njia inapokata barabara utakuta vizuizi vya chuma vya kuzuia pikipiki. Vingine vimepishana, unapaswa kupinda kushoto kisha kulia kwa mwendo wa kobe, na mikoba mipana ya nyuma hugonga. Mwenye tela la mtoto au baiskeli ya watu wawili huenda akalazimika kufungua mizigo. Kwenye makutano hayo mara nyingi wewe ndiye unayepaswa kusimama au kupisha. Ajali zinazotokea hapo ni za mtu aliyezoea utulivu kwa km 10 akasahau kwamba gari lipo duniani. Ndani ya njia yenyewe, trekta la mwenye shamba au gari la matengenezo huweza kuwa na ruhusa ya kupita.

Mahandaki yanahitaji taa ya kweli, mbele na nyuma, hata yale yenye umeme. Handaki la Bois Clair, kati ya Cluny na Mâcon, lina urefu wa km 1.6, na ndani ni baridi wakati nje unatoka jasho, kwa hiyo koti liwe juu ya mizigo. Hufungwa majira ya baridi ili popo walale; ukija Januari utapanda juu ya mlima kwa barabara kama watu wengine.

Vipande vya kuunganisha

Reli nyingi hazikubaki nzima. Mahali pengine tuta liliuzwa na sasa ni bustani ya mtu, au daraja lilibomolewa. Hapo unatokea kwenye barabara za mkoa, zinazoandikwa D na namba. Si zote za kuogopwa. Kwa kawaida D yenye tarakimu moja au mbili hubeba magari mengi kuliko yenye tarakimu tatu, ingawa kila mkoa una mtindo wake. Ramani ya karatasi ya Michelin bado ni mshauri mzuri: barabara nyeupe nyembamba ndizo tulivu, na vimshale vinaonyesha upande wa kupanda. Kimshale kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13. Ukiona vitatu na una mizigo, tafuta bonde lingine. Programu ya simu itakuambia jumla ya mita za kupanda, lakini haikuonyeshi upesi kama zimesambaa au zimerundikana sehemu moja.

Saa nazo zina maana. Kati ya saa sita na saa nane mchana vijijini watu wanakula, na barabara huwa tupu. Maduka nayo hufungwa muda huohuo, kwa hiyo nunua mkate kabla. Jumatatu waokaji wengi hufunga. Maji yapo makaburini, karibu kila kijiji kina bomba hapo la kumwagilia maua. Soma kibao, "non potable" usinywe. Kiangazi beba lita 2 kuanzia asubuhi. Vuli na majira ya baridi ni msimu wa wawindaji, hasa Jumapili, na shati la rangi kali msituni si urembo.

Malazi yenye alama ya Accueil Vélo yako ndani ya km 5 kutoka njia rasmi na yana mahali salama pa kuweka baiskeli. Hizo km 5, kumbuka, zinaweza kuwa za kupanda.

Wengi hufika kwenye njia hizi kwa treni. Treni za mikoa, TER, huchukua baiskeli, lakini kila mkoa una kanuni zake na baadhi hutaka uweke nafasi kiangazi. TGV, treni za mwendo kasi, na Intercités, treni za masafa marefu, kwa kawaida hudai ulipie nafasi ya baiskeli, nazo ni chache na huisha mapema, hivyo ikate pamoja na tiketi yako. Vua mikoba kabla treni haijasimama: mlango unaweza kuwa na ngazi mbili au tatu, treni inasimama dakika moja au mbili, na baiskeli ya kilo 30 hainyanyuki kwa mkono mmoja.